Mdogo wangu ni kona-beki timu ya chuo, kila Jumamosi wanapigwa pasi ndefu. Nimshauri nini?

Mwana_Nyarugusu:
Wakuu, habari za humu. Tuko Iowa, familia ilitokea Nyarugusu, na huyu dogo futiboli ya Kimarekani kaikutia sekondari huku huku. Ana mbio, akapata nafasi chuo fulani kidogo (jina naliweka kapuni). Sasa yuko mwaka wa pili, anacheza kona-beki, yaani yule wa pembeni anayemkaba mpokeaji wa pasi. Timu yao ukiwakimbilia na mpira wanakuzuia vizuri tu. Shida ni hewani. Mpinzani akishaligundua hilo anarusha mwanzo mwisho.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo jukwaani. Dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira), wapinzani wanahitaji yadi 12. Upande wa dogo wamejipanga wapokeaji wawili. Namuona anamnyooshea sefti wake (beki anayelinda nyuma kabisa) vidole viwili, sefti anatazama benchi. Mpira ukatoka. Yule wa nje akaenda hatua chache akageuka, dogo akamvaa. Wa ndani akapanda moja kwa moja, halafu akakata kuelekea pembe ya uwanja, nyuma ya mgongo wa dogo. Sefti yuko katikati kabisa, mbali. Tachidauni, tumefungwa. Na kwa kuwa dogo ndiye aliyemkimbiza, jukwaa zima na mitandaoni ni namba yake tu inayotukanwa.

Anasema msimu ukiisha anaingia kwenye potali ya uhamisho (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo). Mama anasema aache kabisa, asome. Mimi nimekaa katikati yao. Naombeni ushauri.

Zoni_Tatu:
Mkuu, umesimulia vizuri kuliko watangazaji wengi. Hiyo makocha wanaiita smashi, na kazi yake ni kumtesa kona-beki timu inapolinda na masefti wawili nyuma. Mmoja anakaa chini, mmoja anakwenda juu, na wewe uko peke yako. Vidole viwili inawezekana kabisa ndicho dogo alichokuwa anasema: tuko wawili nyuma. Kama ni hivyo, ile ya juu ni mali ya sefti. Ila sefti kusimama katikati maana yake yeye alikuwa anacheza ulinzi wa watatu nyuma (yeye katikati, kona-beki wawili pembeni), na hapo ya juu inakuwa ya dogo. Sasa kabla hamjamlaumu mtu, muulize: benchi liliita nini?

Hata hivyo na yeye ana la kurekebisha. Asimrukie yule wa chini. Macho kwa mpokeaji wa ndani. Akimuona anapanda, naye arudi nyuma akae chini ya ile pasi ndefu, amlazimishe kotabeki (mrusha pasi wao) kurusha fupi. Dauni ya tatu wakipata yadi 5 wakati wanataka 12, hiyo ni zawadi kwenu. Anamwangusha pale pale, anatoka anaenda kunywa maji.

mkorofi_tu:
Dogo ana mbio hivyo? Arudi acheze winga kwenye ndondo, huku hakuna mambo ya vidole viwili.

Mwana_Nyarugusu:
Hahaha, mama angekuunga mkono.

Baba_Kota:
Nyie mnaangalia nyuma, mimi naangalia mbele. Washa video, uhesabu tangu mpira unapomfikia kotabeki. Ukifika sekunde 4 na jamaa bado kasimama anachagua, hakuna kona-beki duniani atakayeokoa hiyo. Kuzuia mbio na kumfikia kotabeki ni kazi mbili tofauti, na safu yenu ya mbele inaonekana inajua ya kwanza tu.

Halafu angalia anapangwa wapi. Kwenye uwanja wa chuo zile hashi mbili (alama zinazoonyesha mpira uanzie wapi) zimeachana futi 40. NFL, ligi ya kulipwa, ni futi 18 na nusu. Mpira ukianzia hashi ya kushoto, upande wa kulia una futi 100 za kulinda. Kama dogo ndiye anayeachiwa upande mpana kila mara, nampa pole. Tena vyuoni mpokeaji akigusa ndani na mguu mmoja tu inahesabika, kwa hiyo hata ule mstari wa pembeni haumsaidii kama unavyowasaidia wa NFL, ambako inatakiwa miguu yote miwili.

Dada_Louisiana:
Hayo tuliyaona huku kwa wakubwa. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walikuwa mabingwa wa vyuo msimu wa 2019. Septemba 26, 2020 Mississippi State wakaja Baton Rouge, kotabeki K.J. Costello akarusha yadi 623, rekodi ya SEC, ligi ya vyuo vya huku kusini, wakashinda 44-34. LSU waling'ang'ania kukaba mtu kwa mtu huku kona-beki wao bora, Derek Stingley, hayupo. Msimu ukaisha wakiwa wa mwisho nchini kwa yadi za pasi walizoruhusu. Lakini huyo Stingley mwaka 2022 alichaguliwa wa 3 kwenye drafti (timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya), akaenda Houston Texans. Wanaosaka wachezaji wanatazama video ya mtu mmoja mmoja.

Kuhusu potali, asiingie kwa hasira. Akishaingia, chuo chake kinaweza kumkatia ufadhili wa muhula unaofuata, na wapo wengi wanaoingia wasichukuliwe na mtu. Na masomo aliyokwishafaulu yanaweza yasikubaliwe yote anakokwenda. Hapo mama ana hoja.

Mwana_Nyarugusu:
Nimeongea naye. Benchi liliita wawili nyuma, kisha likabadilisha dakika ya mwisho. Sefti aliiona ishara, dogo hakuiona. Potali kasema atasubiri kwanza. Ila kaniuliza swali nikashindwa: akishapitwa kabisa, amshike?

Zoni_Tatu:
Kama mpira uko hewani na hamfikii, ndiyo. Sheria za vyuo, adhabu ya kumzuia mpokeaji haizidi yadi 15, pamoja na kuanza kuhesabu dauni upya. NFL ndiko mpira unawekwa kosa lilipotokea. Kapitwa kwenye pasi ya yadi 40, amshike, ale hizo 15. Ila asifanye mazoea, waamuzi nao wanakariri namba. Na Jumapili aombe kukaa na huyo sefti kwenye video, wawili tu, wakubaliane ishara ikibadilika nani anamwambia mwenzake.