Nitajizuiaje kununua uzi kwenye maonyesho?

Mfumaji wa Umoja:
Hamjambo wafumaji wenzangu. Kila yanapofanyika maonyesho ya ufumaji hapa Nairobi, nikiushika uzi wa sufu uliosokotwa kwa mkono, ambao bado unanukia mafuta ya kondoo, hujikuta nimelipa kabla sijajua nitafuma nini. Nifanyeje?

Mama Sweta:
Dada, nenda ukiwa umeshaamua utakachofuma. Sweta ya mtu mzima huhitaji takriban mita 1,000 hadi 1,500 za uzi wa unene wa wastani, kwa hiyo bonge moja la gramu 100, hata likipendeza vipi, litatosha kofia tu. Tena nunua uzi wote siku hiyohiyo, wenye namba ileile ya upakaji rangi, kwa sababu rangi za mikupuo tofauti hupishana kidogo, na mpaka wake huonekana waziwazi kifuani.

Fundi wa Kariobangi:
Naafiki, ila usijinyime kabisa. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani usio wa sufu, ipo madukani mwaka mzima, lakini sufu iliyosokotwa na kutiwa rangi kwa mkono ni vigumu kuipata tena ikiwa vilevile. Ihifadhi katika mfuko uliofungwa vizuri, viwavi wa nondo wasiitoboe.

Mfumaji wa Umoja:
Asanteni sana. Nitaanza na vipimo vya sweta ya mama.