Mama mkwe anamlisha kwa siri mbwa tunayemlea aje kuongoza wasioona. Nifanyeje?

Mkwe_wa_Marangu:
Habari zenu wakuu. Naomba kwanza msinicheke.

Tunaishi Coventry, Uingereza. Tangu Machi tunalea kwa kujitolea mtoto wa mbwa, Labrador mweusi, anaitwa Wilbur. Si wetu. Shirika lilituletea akiwa na wiki nane, chakula na daktari wanalipa wao. Kazi yetu ni kumkuza mwaka mmoja na ushee: ajisaidie kwa amri, azoee mabasi, lifti na kelele za watu, asirukie wageni. Baada ya hapo wanamchukua kumfundisha kazi yenyewe.

Mambo yalikuwa shwari mpaka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Marangu. Anampenda huyu mbwa, jamani! Jina la Wilbur limemshinda, anamwita Simba, kama mbwa wote watatu aliowahi kufuga kwake. Shida ni sahani. Sisi tunampimia chakula kwa mizani, tunapuliza filimbi, ndipo anakula. Mama anaona ni mateso. "Mnampa vidonge kama mgonjwa." Juzi nimeinama kuokota kijiko nikakuta mkono wake chini ya meza na kipande cha nyama kutoka kwenye ndizi, Wilbur katulia mbele yake kama mtoto wa kipaimara.

Sasa hivi hapiti chipsi iliyodondoka. Alhamisi msimamizi alikuja tukatoka naye, Wilbur akanivuta mpaka kwenye mfupa wa kuku kando ya barabara. Msimamizi akaandika kwenye daftari lake, hakusema kitu.

Mke wangu yuko zamu za usiku, anasema "mwambie wewe". Mimi mkwe! Naanzia wapi kumkataza mama asigawe chakula nyumbani kwa binti yake? Na bado ana wiki saba.

Pilipili_Kichaa:
Huku Manzese tunapigia hesabu unga, nyie mnapimia mbwa kwa mizani, hahaha. Anasa za wazungu hizo. Mwache bibi amlishe.

Kalamu_Butu:
Pilipili, anasa gani? Shule ya kwanza ya mbwa hawa ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Wakati huo Wajerumani wenyewe mkate walikuwa wanaupata kwa mgao.

Dawa_ya_Mifugo:
Mambo ya wakwe siyawezi. Ila kwenye hiyo ndizi nyama kuna vitunguu, na vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikipikwa. Mifupa iliyopikwa inapasuka vichane, inaweza kumtoboa utumbo. Chokoleti na zabibu ndiyo kabisa asiguse.

Halafu Labrador ana lake. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi yao wana hitilafu ya jeni inayowafanya wapende chakula kupita kiasi, na ilionekana zaidi kwa wale wa kazi za kusaidia watu. Hayo macho ya huruma anayomfanyia mama si ya njaa. Hata akitoka kula atayafanya.

Shangazi_Mpole:
Mwanangu, mama wa Kichaga humkatazi kulisha, utaonekana mchoyo mpaka ukoo mzima ujue. Mpe yeye filimbi. Mpe na mizani. Akitaka kumpa kwa mkono, ampe punje kutoka kwenye kipimo cha siku, tena si mezani. Awe yeye ndiye mwenye jiko la mbwa.

Fimbo_Nyeupe:
Nimechelewa kuuona uzi huu, simu yangu ndiyo inanisomea. Mimi sioni, naishi Leeds, huyu ni mbwa wangu wa pili.

Mbwa akiwa kazini nashika mshikio mgumu ulio mgongoni mwake. Akiinamisha kichwa, mkono wangu unashuka naye. Mwaka jana tumesimama tukisubiri kuvuka, mtu kadondosha chipsi. Wangu akazamia. Mguu wangu wa kulia ulishateremka ukingo nikasikia upepo wa basi usoni. Upepo, si mlio. Nilirudi nyumbani sikutoka tena siku mbili.

Wa kwanza alilelewa na wazee fulani sijawahi kukutana nao. Nilienda naye harusini, pilau linamwagika pande zote, kalala chini ya meza yangu hata sikio halijatikisika. Nikajua nyumba ile hakuna aliyemlisha mezani.

Msomee mama haya, ukipenda.

Mkwe_wa_Marangu:
Nimemsomea jana usiku baada ya chakula. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mtoto wa Leeds ana mama?" Nikasema sijui, mama. Akainuka akaenda kulala.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi, namkuta jikoni kavaa miwani, kainamia mizani, anapunguza punje mojamoja. Mfupa wa jana kaufunga kwenye mfuko, kautia pipa la nje. Filimbi anaipuliza kama refa, jirani kagonga ukuta.

Shangazi, asante sana. Fimbo, mama anakusalimia, anauliza unakula nini huko.

Limebaki la jina. Nikiita Wilbur ananitazama tu, mama akiita Simba anakuja mbio. Msimamizi anarudi Jumatano. Hapo mnanishaurije?