Asilimia 77 walisema chama kimoja, tukapewa vyama vingi. Huo ndio uhuru?

Kaa la Moto:
Wakuu, hili linanikera siku nyingi. Hapa Tanzania, tume ya Jaji Nyalali ya kukusanya maoni kuhusu vyama, mwaka 1991, ilizunguka bara na visiwani ikasikiliza watu elfu 36 na ushee. Asilimia 77 wakasema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vingi hawakufika 22. Tume ikapendekeza vingi, na Julai 1992 sheria ikaanza kazi. Sasa mtu akikabidhiwa uhuru aliokwisha kuukataa mbele ya tume, yuko huru au katii amri? Nawaomba msinijibu kichama, sina kadi ya mtu.

Sindano Butu:
Hao asilimia 77 ni wanakijiji waliokusanywa chini ya mwembe, balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, kaketi mbele anawakodolea macho. Walijua nini cha vyama? Wangeulizwa kama jua lichomoze magharibi wangejibu "ndiyo mzee".

Mjukuu wa Balozi:
Sindano, jina langu unaliona. Babu yangu alikuwa balozi huko Rungwe na hakumkodolea mtu macho. Tume ilipofika alisimama na ubalozi wake akasema anataka vyama vingi, wenzake wakamnunia mwaka mzima. Hao unaowaita wanakijiji wamekusomesha wewe kwa kahawa na pareto.

Sindano Butu:
Kwa hiyo babu yako yuko kwenye ile 22. Sasa unamtetea nani hapa, babu au mwembe? 😂

Mtu wa Visiwani:
Jamani, mbona mnaanzia katikati? Sie Unguja na Pemba tumepiga kura za vyama tangu 1957. Na huko kwenu bara palikuwa na vyama zaidi ya TANU, vikafutwa kisheria 1965. Tume ya wakati ule haikuruhusiwa hata kuuliza kama wananchi wanataka chama kimoja. Iliambiwa uamuzi umeshapita, itafute namna tu. Kaa la Moto, asilimia ya 1965 iko wapi? Ukimfungia mtu miaka 26, kisha ukamuuliza kama anataka kutoka, hilo ni swali kweli?

Kaa la Moto:
Mtu wa Visiwani, "huko kwenu bara" maana yake nini? Nchi ni moja.

Mtu wa Visiwani:
Haya. Katika yote niliyoyasema, umeliona hilo tu.

Sindano Butu:
Turudi kwa balozi. Vijana hamjui. Miaka ya 80 mwanzoni balozi ndiye aliyekuwa na daftari la mgao wa sukari. Ukimkera, jina lako linapotea. Ndio maana nasema hesabu ya Nyalali ilipikwa na hofu. Mtu hatasema ukweli mbele ya anayempimia sukari.

Mjukuu wa Balozi:
Mwaka 1991 sukari ilikuwa dukani, mzee. Unachanganya na enzi za foleni na uhujumu uchumi, 1983 huko.

Sindano Butu:
Daftari liliondoka, hofu ilibaki. Na nikuulize: kwenye daftari la babu, jina la kwanza lilikuwa la nani?

Jirani wa Namanga:
Poleni kuingilia. Sisi Kenya hatukupewa na tume. Tulipiga kura ya mlolongo 1988, kila mtu nyuma ya mgombea wake, aliye na foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Wanasiasa Matiba na Rubia wakawekwa kizuizini kabla ya Saba Saba ya 1990, mkutano wa kudai vyama vingi, na watu wakaenda uwanja wa Kamukunji, Nairobi, hivyo hivyo. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondoka Desemba 1991. Cha kupigania huwezi kusema umelazimishwa.

Kaa la Moto:
Jirani, Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakawafungia mfuko wa misaada. Mwezi mmoja baadaye 2A ikaondoka. Hapo nani alipigania, Kamukunji au Paris?

Jirani wa Namanga:
Waliopigwa rungu hawakuwa Paris, ndugu yangu.

Sindano Butu:
Mkenya leo kanifurahisha. Ila foleni yenu ya mlolongo haikuwa na sukari mwisho wake.

Bibi Kizee Mtandaoni:
Nimewasoma wote kwa miwani. Kaa la Moto, swali lako zuri ila umelishika mkiani. Kilicholazimishwa si vyama vingi. Walioona ile 77 wanaweza kubaki na CCM yao mpaka leo, nani kawazuia? Kilicholazimishwa ni *kuwa na chama*. Usipokuwa na chama hugombei hata udiwani. Mchungaji Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi, asiye na chama, akashinda Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira, 1994. Bunge likabadili Katiba kuzuia hilo. Akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 wakampa haki: uhuru wa kujiunga ni pamoja na uhuru wa kutojiunga. Huyo ndiye mtu aliyelazimishwa unayemtafuta.

Kaa la Moto:
Bibi, hapo umenishika. Lakini mgombea binafsi si ndiye tajiri atakayenunua jimbo?

Bibi Kizee Mtandaoni:
Kwani sasa hivi majimbo yanagawiwa bure?

Mtu wa Visiwani:
Na kusema je? Kanuni za 2018 zilitaka mwenye blogu alipe shilingi milioni 2 na laki 1 kwa mwaka wa kwanza, ombi na leseni. Vyama vingi, mdomo kwa leseni. Hili nalo mtaliruka?

Sindano Butu:
Hatuliruki, tunasubiri jibu la daftari.

Mjukuu wa Balozi:
Nimempigia mama. Anasema daftari lilikuwa linaandikwa na bibi, si babu. Jina la kwanza lilikuwa letu. La pili, shangazi. Endeleeni na Mtikila.