Naomba ushauri: vyumba tisa, LUKU moja, meni inajikata kila jioni. Nifunge mita janja?

Mama Moshono

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa mnaostahili.

Nina nyumba ya kupangisha hapa Moshono, Arusha. Vyumba tisa, LUKU moja ya fezi moja, na kila chumba kina submita ya kawaida. Uniti tunachangia kwa kusoma submita, na miaka sita hatujagombana. Ila tangu baridi la mwezi wa sita lianze, kati ya saa moja jioni na saa tatu usiku breka ya meni, yaani breka kuu ya nyumba nzima, inajikata mara mbili, mara tatu. Watu wanatoka nje na tochi za simu, kila mmoja anamwangalia mwenzake: nani kawasha nini?

Juzi mpangaji wa chumba cha nne alinigongea akilia. Mtoto wake ana pumu, na umeme ulikatika akiwa bado anavuta dawa kwenye mashine ya mvuke. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Fundi wa kwanza alitaka kutoa breka ya ampea 60 aweke ya 100. Yeye mwenyewe alikuwa ameshashika waya wa meni akasema una moto. Nikampa nauli yake akaondoka. Wa pili anashauri mita janja kila chumba: naweka kikomo kwa simu, chumba kikizidisha kinajizima peke yake, wengine wanaendelea. Kwangu hiyo ni hela nyingi. Zinasaidia kweli? Na je, ni haki kumzimia mtu aliyelipia umeme wake?

SpanaYaKijenge

Mama, ulifanya la maana kumrudisha huyo fundi. Breka inalinda waya. Ukiweka ya 100 juu ya waya uliopimwa kwa 60, haitajikata tena, na waya utaendelea kuchemka ndani ya ukuta hadi siku uwake.

Ampea 60 kwa volti 230 ni kilowati 13.8. Huo ndio uwezo wa nyumba nzima. Jagi la umeme linakula kilowati 2 hivi, pasi 1 au zaidi, jiko la koili 1.5 hadi 2. Taa za LED na televisheni za vyumba vyote tisa hazilifikii jagi moja, kwa hiyo usiwasumbue watu kwa habari ya taa. Maji ya kuoga mnachemshaje?

Mama Moshono

Kuna mabafu mawili ya pamoja, kila moja lina heita ile ya kuchemsha papo hapo. Fundi alisema ni za kilowati 5. Majagi karibu kila chumba, majiko ya koili vyumba vitatu.

SpanaYaKijenge

Basi mwizi tumempata. Heita mbili zikiwaka pamoja ni kilowati 10, ongeza majagi mawili ni 14. Mmeshapita 13.8 ya meni kabla hata mtu hajachomeka pasi.

Halafu angalia hili: heita za mabafu ya pamoja hazipiti kwenye submita ya chumba chochote, sivyo? Ungefunga mita janja tisa vyumbani, na mzigo mkubwa kuliko yote usingeguswa.

Zamu ya Usiku

Mimi niko kiwandani, upande wa Themi. Viwanda kama chetu hatulipi uniti tu, tunalipia pia kVA, yaani kile kilele cha juu tulichofikia mwezi huo. Kwa hiyo tumejifunza kutowasha mashine kubwa kwa wakati mmoja. Dada, fanya hivyo hivyo bafuni: fundi afunge kontakta, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, heita moja ikiwaka ile ya pili inasubiri. Anayeoga wa pili atangoja dakika chache. Umeshatoa kilowati 5 kwenye kilele, na kontakta mbili hazifiki bei ya mita janja tisa.

Ninyi wa LUKU za nyumbani bei ya uniti ni moja saa 24, mchana na usiku. Mpangaji akihamisha kupiga pasi hadi saa nne usiku hapati nafuu hata ya shilingi. Kwa hiyo usitegemee mita peke yake iwabadilishe, lazima mkae mzungumze.

Mpangaji wa Sakina

Naongea kama mpangaji. Mita ambayo mwenye nyumba anaizima kwa simu inanitisha. Leo ni kwa ajili ya mzigo, kesho nikichelewesha kodi siku tatu nazimiwa. Mama, simaanishi wewe ni mtu wa hivyo. Ila ukizifunga, andikeni: kikomo ni ampea ngapi, kinafanya kazi saa ngapi, na kwamba kodi haihusiki kabisa na umeme.

Mhandisi Mstaafu

Swali la haki limejibiwa kwingine. Italia nyumba nyingi zina mkataba wa kilowati 3, ukizidisha mita inakata na unairudisha mwenyewe. Afrika Kusini mwaka 2023 walijaribu Fourways, Johannesburg: wakati wa mgao, badala ya kuzima mtaa mzima, mita janja zilibana kila nyumba ibaki na ampea 10. Taa, friji na intaneti vikaendelea, heita na jiko vikasubiri. Mita inabana aliyezidisha, haimgusi jirani yake. Mashine ya yule mtoto haifiki hata wati 200, kikomo cha ampea 10 hakitaiona.

LUKU yetu ya kawaida haiwezi kazi hiyo, haina mawasiliano. Ndiyo maana kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 kila mtu alilazimika kuiboresha kwa kubofya namba za tarakimu 20 kwa mkono.

Mama, pima volti saa mbili usiku. Ikisoma chini ya 207, yaani asilimia 10 chini ya 230, inawezekana hata transfoma ya mtaa imezidiwa, na hilo unalipeleka TANESCO. Watu wanauliza mbona bwawa la Rufiji lina megawati 2,115 na bado umeme ni mdogo. Umeme huo ukifika Arusha bado unapita kwenye transfoma ileile na waya uleule.

Zamu ya Usiku

Nyongeza: umeme ukikatika, mwambie kila mtu achomoe jagi na koili. Ukirudi vyote vikiwa vimewashwa, meni inajikata papo hapo.

Mama Moshono

Mungu awabariki. Sikuwahi kufikiria kuwa heita haziko kwenye submita ya mtu. Jumapili nawaita wote uani tuzungumze, na ya Mpangaji wa Sakina nitaiandika kwenye karatasi tusaini. Naanza na bafu. Mita janja nitanunua tatu tu kwanza, kwa vyumba vyenye koili. Kontakta iwe ya ampea ngapi?

SpanaYaKijenge

Kilowati 5 ni ampea 22, kwa hiyo ya 32 inatosha. Lakini fundi asome kwanza maandishi yaliyo kwenye heita zenyewe, asiende kwa kukisia. Na waya wa erthi wa bafuni aupime siku hiyohiyo.