Tupeane uzoefu: mtungi wa hewa wa kuzamia wa mtumba, ukague nini kabla ya kutoa pesa?

Ziwa_Letu, Kisumu: Wadau, wengi wanamaliza kozi ya kuzamia Pwani, wakirudi huku wanatafuta mtungi wa mtumba. Mpya bei yake inatisha. Anayejua ukaguzi aeleze. Hadithi za sangara mkubwa tuziache.

Fundi_Kondele: Anza na maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi, chini ya shingo. 3AL ni alumini ya Marekani, 3AA ni chuma. Mtungi wa kawaida wa alumini, ule S80, una ujazo wa lita 11.1 na presha ya kazi ya 3000 psi, yaani 207 bar (psi na bar ni vipimo vya presha). Kisha tafuta tarehe: mwezi, alama ya mkaguzi, mwaka. Kwa utaratibu wa Marekani, kipimo cha presha ya maji ni kila miaka 5. Presha ya S80 hupandishwa hadi 5000 psi, na ikishushwa mtungi usibaki umetanuka zaidi ya asilimia 10 ya ule mtanuko wote. Ukaguzi wa ndani ni kila mwaka.

Alumini ya kabla ya 1990 iache hata ukipewa bure. Mingi ya wakati huo ilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo hupasuka polepole shingoni kwenye thredi, ile mizingo ya kufungia vali. Muuzaji atakwambia ilipita kipimo cha maji. Kipimo hicho hakikuundwa kunasa ufa mdogo wa shingo. Siku hizi hutumika 6061.

Chini_ya_Maji: Usinunue kabla vali haijafunguliwa na kutolewa shingoni. Toa hewa yote taratibu kupitia vali yenyewe, ndipo mtu mwenye zana zake aifungue. Spana ya bomba itakuharibia kazi. Mulika ndani kwa taa ndogo. Kwenye chuma, vumbi jekundu jepesi husafishika, lakini vishimo ni habari nyingine. Kwenye alumini tafuta unga mweupe. Vua na kile kiatu cha raba chini, maana maji ya chumvi hujificha humo na kula chuma kimyakimya.

Rangi mpya inayong'aa inapaswa kukuongezea maswali. Ilikaushwa vipi? Alumini ikipikwa kwenye oveni ya rangi kupita takriban nyuzi 175 hupoteza nguvu, na kwa macho hutaona kitu.

Ziwa_Letu: Na kama vali haipo, mtu anunue tu nyingine?

Fundi_Kondele: Hapo ndipo watu huumia. Mitungi ya Ulaya mara nyingi ina thredi za M25x2, ya Marekani robo tatu ya inchi NPSM. Vipimo vinakaribiana mno, kwa hiyo vali isiyo yake inaweza kuingia na kuonekana imeshika, kisha ikaruka kama risasi mtungi ukijazwa. Soma alama ya thredi kwenye vali na kwenye mtungi. Zikikosa kuoana, au zikiwa hazisomeki, acha. Angalia pia kama regulata yako, kifaa cha kupumulia, ni ya DIN (huingia kwa thredi ndani ya vali) au ya kubana kwa juu.

Nakuru_Kwetu: Swali la kwanza lingekuwa: utajaza wapi? Maduka ya kuzamia yamejazana Pwani. Kompresa ya panchari haifai kabisa. Hutoa bar 8 au 10 hivi, na hewa yake haichujwi kwa ajili ya kupumua. Mvuke wa mafuta na moshi wa injini huingia. Kaboni monoksaidi kidogo tu juu ya nchi kavu huwa sumu kali zaidi kilindini. Mtungi wa oksijeni ya kuchomelea, au wa kuzimia moto, usigeuzwe kuwa wa kuzamia.

Ukiusafirisha, shusha presha ubakize bar chache ili unyevu usiingie, na ukinge vali.

Chini_ya_Maji: Niongeze la ziwani. S80 hewa ikikaribia kuisha huelea baharini kwa kilo 1.5 hadi 2. Kwenye maji yasiyo na chumvi ni pungufu kidogo. Pima upya uzito wa mkanda wa kuzamishia. Ziwa letu la Viktoria liko takriban mita 1,130 juu ya bahari, kwa hivyo jedwali la muda wa kuzamia la usawa wa bahari halitoshi. Tumia la mwinuko, au kompyuta ya kuzamia inayoutambua.

Ziwa_Letu: Na malipo?

Fundi_Kondele: Lipa arbuni ndogo, andikianeni kwamba salio ni baada ya kipimo cha maji na ukaguzi wa ndani. Kubalianeni mapema nani analipia vipimo ukifeli. Muuzaji akikataa kufunguliwa vali, mrudishie mtungi wake.