Naomba asilimia za makabila ya Kondoa mjini, nakwenda fildi

Dada wa Rombo
Habari za jioni wadau. Nasoma chuo hapa Dodoma, mwezi ujao naenda fildi Kondoa wiki sita na msimamizi wangu anataka ukurasa wa kwanza uwe na jedwali la makabila ya mji na asilimia zake. Nimepekua ripoti za sensa ya 2022, nimekuta mkoa mzima wa Dodoma watu 3,085,625, nimekuta umri, kaya, mpaka aina za vyoo, ila kabila hamna kabisa. Mwenyeji anisaidie, Warangi ni asilimia ngapi, Wasandawe ngapi na waliobaki ni kina nani. Kule sijawahi kukanyaga na sitaki niandike kitu ambacho wenyewe wakikisoma watasema huyu alituandika akiwa bado yuko kwenye basi.

Kijana wa Bicha
Andika Warangi 80 waliobaki 20, maisha yaendelee. Kila mtu anajua Kondoa ni ya Warangi.

Mwalimu Mstaafu
Hapana mwanangu, usiandike hivyo. Ni kweli Warangi ndio wengi, hilo hakuna atakayelibisha, lakini hiyo 80 hakuna aliyeihesabu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchi hii ilikuwa ya 1967. Wakati wa Mwingereza watu walihesabiwa kwa rangi na kabila, Mwafrika huku, Mwarabu na Mhindi kule, Mzungu kwake, na sisi baada ya uhuru tukaliuliza mara moja tu tukaliacha, kwa sababu nchi ilikuwa inajengwa iwe moja na hatukutaka mtu ajue kwa namba kwamba kwao ni wengi kuliko kwa jirani. Mimi nimefundisha watoto wa huko miaka mingi na naona tulifanya vizuri. Kwahiyo binti yangu mwambie msimamizi wako asilimia hazipo, si kwamba umeshindwa kuzitafuta.

Ila cha kuandika kipo tena kingi. Kondoa ya zamani, kabla Chemba haijawa wilaya mwaka 2012, ni sehemu ambayo familia zote nne kubwa wanazozitaja watu wa lugha kwa Afrika zilikuwa zinakutana ndani ya wilaya moja. Kirangi ni Kibantu, ndugu yake wa karibu ni Kimbugwe cha kule Babati. Kiburunge, Kiwasi na Kigorowa ni Kikushi, jamaa wa Kiiraqw. Wamasai na Wabarbaig wanaoshuka na ng'ombe wao ni Waniloti. Halafu Wasandawe wenye lugha ya vidoko, zile sauti za kudokoa kwa ulimi, ambayo mpaka leo wataalamu wanabishana ndugu zake ni nani. Mtu anatoka asubuhi anaenda mnadani anazisikia zote nne kabla ya saa sita mchana, sijui kama unaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Mjukuu wa Thawi
Shikamoo mwalimu, umenigusa. Dada mimi nakupa mfano wa nyumbani kwetu ndio uone kwanini hizo asilimia zitakusumbua. Babu mzaa baba Mrangi, bibi Mwasi, mama yangu kwao Bereko na bibi yake alikuwa Mgorowa. Mimi kwenye fomu zote naandika Mrangi kwa sababu ya babu na kwa sababu Kirangi ndicho nilichokulia. Kiwasi nilikuwa nakisikia siku dada yake bibi akija kututembelea, wanakaa wawili chini ya mwembe wanaongea mpaka giza linaingia na sisi watoto hatuambulii kitu. Bibi alipofariki ile lugha nyumbani kwetu ikawa imeisha, hakuna aliyeipokea. Na Wasi ndio walikuwa watu wa mvua, Warangi wenyewe walikuwa wanawafuata ukame ukizidi. Sasa kwenye jedwali lako mimi unaniweka wapi? Ukiniweka Mrangi hujakosea ila bibi umemfuta.

Mtu wa Kwa Mtoro
Mimi ni Msandawe, naongea Kisandawe na watoto wangu pia. Ombi langu dada, ukija usituandike kama watu wa kwenye michoro. Ile michoro ya miambani Kolo iliyoingia urithi wa dunia 2006 ni fahari yetu wote, na ile ya zamani ya rangi nyekundu huwa inahusishwa na wawindaji, sawa, lakini wageni wakishaiona wakija kwetu wanataka kupiga picha mzee ameshika upinde tu. Tunalima mtama, tunafuga, tuna walimu na manesi. Mama yangu aliwahi kwenda zahanati moja akachekwa kwa vile anavyoongea, akarudi nyumbani bila kueleza ugonjwa wake. Hayo ndiyo ya kuandika. Halafu wengi wetu kwa sasa tuko Chemba, mjini Kondoa utatukuta ila wachache.

Mama Duka Kondoa
Hamjatutaja sisi wa mjini jamani. Kuna familia za Kiarabu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara, zimeoa kwa Warangi vizazi na vizazi, watoto wao wanaongea Kirangi kama maji. Wapo Wagogo, Wanyaturu, Wachaga wenzako wa maduka, wafanyakazi wa serikali wa kila kabila, na tangu lami ya Dodoma mpaka Babati ikamilike watu wanashuka stendi kila siku. Na wengine wameondoka, mwaka 1979 mifugo ilipotolewa milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo kuna waliofuata ng'ombe wao mpaka Kiteto na hawakurudi tena.

Dada wa Rombo
Asanteni sana, shikamoo mwalimu. Nimeongea na msimamizi amekubali jedwali liondoke. Nataka niulize kwenye kaya lugha gani inaongelewa nyumbani na bibi na babu waliongea ipi. Hilo swali litawaudhi watu?

Mwalimu Mstaafu
Halitaudhi ukianza na bibi. Ukimuuliza mtu "wewe kabila gani" atakujibu neno moja na kukuangalia umetumwa na nani. Muulize bibi yake alikuwa anambembeleza kwa lugha gani, utakaa pale mpaka chai iletwe.

Mjukuu wa Thawi
Na ukifika Thawi nitafute inbox, yule dada yake bibi bado yupo hai. Nenda na rekoda.