Naomba ushauri: kunoa visu vya mashine ya kukatia nyasi (ile ya kukalia)

Mtunza_Uwanja: Habari za jioni wakuu. Natunza uwanja wa shule hapa Arusha. Mashine yetu ni ile ya kuendesha ukiwa umekaa, ina visu viwili. Tangu mvua zikolee, ukoka haukatiki, unachanika tu. Kesho yake ncha zimekuwa kahawia uwanja mzima. Fundi wa kuchomelea anasema nimpelekee visu avijaze chuma palipolika, ni rahisi kuliko kununua vipya. Kijana ninayefanya naye kazi anataka tuvipige grainda vikiwa humohumo. Sitaki mtu aumie. Mnafanyaje?

TupaNaSpana: Pole na majukumu mkuu. Kwa mchomeleaji usipeleke kabisa! Chuma cha kisu kile kimepikwa kiwandani kiwe kigumu bila kuvunjika ovyo. Ukikichomelea, pembeni ya weldi panakuwa dhaifu na ufa unaanzia hapo. Ncha zake zinaweza kupita kilomita 300 kwa saa, na hapo ni uwanja wa watoto.

Mama Bustani: Na humohumo msinoe, kaka. Zima, chomoa ufunguo, kaza breki, kisha toa waya wa plagi ya injini (zikiwa mbili, toa nyaya zote). Jeki peke yake isibebe mashine mtu akiwa chini. Weka stendi, au bora mshushe kava lote la visu, mashine nyingi linatoka kwa pini tu. Vaeni glovu nzito. Halafu angalieni sana: mara nyingi visu hivyo vinashirikiana mkanda mmoja. Ukisukuma hiki, kile kinageuka, na mwenzako ana vidole huko. Bananisheni kisu kwa kipande cha mbao kabla ya kugusa spana, na mpake rangi upande wa chini msije mkakirudisha kichwa chini.

Mtunza_Uwanja: Asante sana dada. Vikishatoka, grainda inafaa? Na makali yawe kama wembe?

TupaNaSpana: Inafaa, ila vaa miwani na upitishe kidogokidogo. Chuma kikigeuka bluu ujue umekiunguza, hapo makali hayakai. Mimi natumia tupa, inachelewa lakini haiunguzi. Noa upande wa juu tu, fuata mlalo wa kiwandani. Vingi ni kama nyuzi 30. Wembe hapana, unapinda kwenye jiwe la kwanza. Kisha kitundike katikati kwenye msumari: upande unaoshuka ndio mzito, upunguze hadi kilale sawa. Ukipuuza hilo, mashine itatetemeka na beringi zitakufa.

Mama Bustani: Kabla ya kunoa, kagua pale kisu kinapokunjwa kwenda juu, karibu na ncha. Mchanga unapala hapo hadi panabaki bati. Pakiwa pembamba, au pana ufa, hicho hakinolewi tena.

Mtunza_Uwanja: Nimeshusha kava leo. Kimoja pale kwenye mkunjo kimelika, ukikiinua kwenye mwanga unaona kitundu.

TupaNaSpana: Tupa hicho, na ununue jozi, usichanganye kipya na cha zamani. Nenda dukani na kisu chenyewe: tundu la katikati kuna la duara na la nyota, na urefu lazima ulingane. Kukaza boliti, fuata kitabu cha mashine.